Jinsi ya kusoma habari za Iran: nani ana nguvu kweli na hasira ya wananchi inatoka wapi

Kila Iran ikichafuka watu wanagawanyika kambi mbili palepale. Kambi moja inasema utawala wa maayatollah umekwisha, wiki ijayo haupo, kambi ya pili inasema hamna lolote pale, ni Marekani na Israel wanachochea vijana wachache, na wote wanatumiana video ileile ya sekunde 30. Mimi nafuatilia hii nchi muda mrefu na inaniuma kuona watu waliouawa barabarani wanageuzwa ushabiki kama wa mpira. Kwahiyo nimeandika mwongozo wa namna ya kuzisoma hizi habari mwenyewe, ili siku nyingine ukisikia Tehran kumewaka ujue pa kuangalia kwanza. Na nikuambie kabisa mapema msimamo wangu, kuhesabu watu barabarani hakutakusaidia sana. Cha kuangalia ni nani ameshika viti ambavyo havipigiwi kura, na kama wenye bunduki bado wanamtii.

Anza na viti, majina baadae

Ukisikia "rais wa Iran amesema" usikimbilie kudhani mwenye nchi ndo kasema. Iran ina rais anayechaguliwa kila miaka 4, ina bunge la viti 290 linaloitwa Majlis, ina kampeni na midahalo ya kwenye tivii, na hivyo vitu vipo kweli, watu wanapiga kura na kuna wakati matokeo yamewashtua hata wakubwa wenyewe. Lakini juu ya vyote kuna kiti kimoja, Kiongozi Mkuu, na msingi wake ni fundisho la wilayatul faqih, yani kwamba maadam Imamu wa 12 wa Mashia yuko kwenye ghaiba, yani amefichika, basi mwanachuoni wa fiqhi ndo mwenye haki ya kusimamia dola. Ayatollah Khomeini ndo aliyeliingiza hili fundisho kwenye katiba baada ya mapinduzi ya 1979, akakikalia kile kiti mpaka alipofariki Juni 1989, na Ali Khamenei, aliyekuwa rais wakati huo, akachaguliwa kesho yake.

Sasa chukua karatasi na kalamu uchore, sikutanii, ukichora ndo inaingia. Mkuu wa Mahakama anateuliwa na nani? Kiongozi Mkuu. Mkuu wa redio na tivii ya taifa? Yeye. Kamanda wa jeshi la kawaida, kamanda wa Walinzi wa Mapinduzi, mkuu wa polisi? Yeye, yeye, yeye. Afu kuna Baraza la Walinzi wa Katiba lenye watu 12. Wanachuoni 6 anawateua mwenyewe moja kwa moja, wanasheria 6 waliobaki wanapendekezwa na Mkuu wa Mahakama (ambaye tushaona nani kamteua) ndo bunge linawapitisha. Hawa 12 wana kazi mbili kubwa, kukagua kila sheria iliyopita bungeni kama haipingani na Uislamu na katiba, na kuchuja wagombea wa uchaguzi.

Mshale wa mwisho ndo mtamu. Kuna Baraza la Wataalamu, wanachuoni 88 wanaochaguliwa na wananchi kwa miaka 8, na kwa mujibu wa katiba hao ndo wanaomchagua Kiongozi Mkuu na hata kumuondoa wanaweza. Ila huwezi kugombea humo mpaka upitishwe na wale 12. Umeona karatasi yako ilivyojifunga duara? Mwaka 2024 Hassan Rouhani, mtu aliyekuwa rais wa nchi miaka 8 na mjumbe wa hilo baraza miaka mingi, alienguliwa asigombee tena. Kama rais mstaafu ambaye ni shehe mwenye kilemba anakatwa, jiulize mwalimu wa sekondari kutoka mkoani atapitia wapi.

Kwa mfano wa hivi viti vinavyofanya kazi, soma kilichotokea Agosti 2000. Wanamageuzi walikuwa na rais, Mohammad Khatami, aliyeingia 1997 kwa kura kama milioni 20, na walikuwa wametoka kushinda bunge. Miezi michache nyuma mahakama zilikuwa zimefungia magazeti zaidi ya 10 kwa mkupuo, kwahiyo wabunge wakaweka kwenye ratiba kuirekebisha sheria ya magazeti. Ikaja barua kutoka kwa Kiongozi Mkuu inasema hapana. Muswada ukatolewa kwenye ratiba na habari ikaishia hapo, wabunge wengine wakatoka nje kwa hasira lakini hamna kura iliyopigwa. Spika wa bunge lile alikuwa Mehdi Karroubi, na mwaka 2011 na yeye akaja kuwekwa kizuizini nyumbani kwake bila kesi. Hiyo barua moja inakufundisha kuliko hotuba 100 za marais, kwahiyo ukisikia rais mpya anaahidi kulegeza kamba, uliza kwanza hiyo kamba iko mkononi mwake au la.

Na kitu watu wengi hawakijui, hata ndani ya maulamaa wa Kishia hili fundisho halijawahi kukubalika na wote. Ayatollah Montazeri alikuwa ndo mrithi aliyeandaliwa kumpokea Khomeini, akapinga mauaji ya wafungwa wa kisiasa ya 1988, akaondolewa kwenye urithi Machi 1989, baadae akafungiwa nyumbani kwake Qom kuanzia 1997 mpaka 2003. Khamenei alipochaguliwa hakuwa na daraja la marjaa, yani mwanachuoni mkubwa ambaye waumini wanafuata fatwa zake, ambalo katiba ilikuwa inalitaka, katiba ikarekebishwa mwaka huohuo 1989 sharti likaondolewa. Ipo hadi mahakama maalum ya kuwashughulikia mashehe. Kwahiyo mtu akikwambia anayeipinga serikali ya Iran anapinga dini, mkumbushe Montazeri.

Fuata bunduki, afu fuata pesa

Februari 11, 1979 majenerali wa Shah, yani mfalme wa Iran wa wakati huo, walitangaza kwamba jeshi haliegemei upande wowote, na utawala uliokuwa umebaki ukaisha siku hiyohiyo. Viongozi wapya walilielewa vizuri hilo somo kwa sababu ndo lililowaingiza madarakani, na ndani ya miezi michache wakaanzisha jeshi lao la pembeni, Walinzi wa Mapinduzi, wenyewe wanaliita Sepah, kazi yake kuyalinda mapinduzi. Vita na Iraq vya 1980 mpaka 1988 vikalikuza. Vita vilipoisha likaingia kwenye ujenzi kupitia kampuni yake ya Khatam al-Anbiya, mabwawa, barabara, mabomba ya gesi, mpaka leo huwezi kuuelewa uchumi wa Iran bila kulitaja. Chini yake kuna Basij, watu wa kujitolea waliosambaa mitaani, misikitini, vyuoni na makazini, hao ndo unaowaona kwenye video wamepakizana wawiliwawili kwenye pikipiki na marungu.

Kuna pia taasisi zinazoitwa bonyad, zilianza kama za kusaidia maskini na kurithi mali za familia ya Shah. Ile ya Mostazafan ni kampuni kubwa kweli, na ile inayosimamia haram, yani kaburi takatifu, ya Imam Ridha kule Mashhad, Astan Quds Razavi, ina mashamba, viwanda na majumba. Wakubwa wao wanawajibika kwa Kiongozi Mkuu, bunge halina meno juu yao. Kwahiyo mwananchi anapolalamika bei imepanda anajua fika kuna sehemu ya nchi ambayo haipo kwenye bajeti anayotangaziwa.

Kwa vitendo, maandamano yakianza angalia nani katumwa. Polisi wa kawaida peke yao, maana yake wakubwa wanaona ni dogo. Basij wa pikipiki wakitokea ujue wameanza kuwa na wasiwasi. Ukiona silaha nzito na vikosi vya Sepah kwenye miji midogo, hapo wameamua. Na ishara pekee ambayo ingebadilisha kila kitu ni vikosi vizima kukataa amri. Askari mmoja kulia kwenye video haitoshi, mwaka 1979 lilisogea jeshi zima.

Namna ya kusoma uchaguzi wao

Usianze na nani kashinda. Tafuta namba 3: wangapi walijiandikisha kugombea, wangapi walipitishwa, na asilimia ngapi ya wapiga kura walijitokeza. Mwaka 2021 walijiandikisha 592, wakapita 7, na waliojitokeza walikuwa asilimia 48.8 kwa hesabu ya serikali yenyewe. Ebrahim Raisi akashinda, ila kilichoshika nafasi ya pili hakikuwa mgombea, zilikuwa kura zilizoharibika, kama milioni 3.7, watu wameenda mpaka kituoni wakaacha karatasi tupu au wakaandika ya kwao. Raisi alipofariki kwenye ajali ya helikopta Mei 2024 walijiandikisha 80 wakapita 6, duru ya kwanza wakajitokeza kama asilimia 40, duru ya pili ya Julai 5 ikapanda mpaka karibu 50, Masoud Pezeshkian akamshinda Saeed Jalili.

Linganisha na 2017 ambapo ilikuwa kama asilimia 73, na 2009 kama 85. Kwa serikali ambayo kila siku inasema wingi wa wapiga kura ndo ushahidi kwamba wananchi wanaikubali, hii kushuka ni kipigo. Kukaa nyumbani siku ya kura pale ni kauli, na ni kauli ambayo huwezi kupigwa risasi ukiitoa.

Hiyo 2009 isome peke yake maana ndo ilivunja kitu. Mir-Hossein Mousavi hakuwa mtu wa nje, alikuwa waziri mkuu karibu miaka yote ya vita na Iraq. Matokeo ya ushindi wa rais aliyekuwepo, Mahmoud Ahmadinejad, yakatangazwa haraka mno, mamilioni wakatoka Tehran wakiuliza kura yangu iko wapi. Tazama hilo swali vizuri, bado linaukubali mfumo, linataka tu kura ihesabiwe. Mousavi na mkewe Zahra Rahnavard wakafungiwa nyumbani Februari 2011. Mwishoni mwa 2017 na Januari 2018 watu walipotoka tena, safari hii wakianzia Mashhad kwa sababu ya bei, wanafunzi wa Tehran walikuwa wanaimba kwamba wanamageuzi na wahafidhina wote hadithi yenu imekwisha. Kwahiyo sikiliza maneno ya nyimbo kuliko ukubwa wa umati, tafuta mtu anayejua Kiajemi akutafsirie. Wimbo unaodai mshahara, unaomtaka waziri ajiuzulu na unaotaka kifo kwa dikteta ni hatua 3 tofauti, na inafika siku zote unazisikia kwenye mtaa mmoja usiku mmoja.

Tenganisha hasira, ziko kadhaa

Hapa ndo watu wengi wanachemka kwa sababu wanataka sababu moja. Kuna hasira ya mfukoni, kuna ya maji, kuna ya wanawake, kuna ya makabila ya pembezoni, na kila moja ina tarehe zake na mikoa yake.

Ya mfukoni ianzie kwenye rial. Mwaka 2015 mkataba wa nyuklia unasainiwa, dola moja mtaani ilikuwa kama rial elfu 33 hivi. Mei 2018 Trump akaitoa Marekani kwenye mkataba, vikwazo vikarudi, na ilipofika Machi 2025 dola ilikuwa imevuka rial milioni 1. Sasa watabishana hapa, ni vikwazo au ni ufisadi na usimamizi mbovu? Vyote, na usikubali mtu akunyang'anye kimojawapo. Vikwazo vimekata mauzo ya mafuta na kufunga mabenki, mgonjwa anahangaika na dawa, hilo ni kweli na ni ukatili kwa watu wa kawaida. Na ni kweli pia kwamba wenye mikono kwenye magendo na dola zinazouzwa kwa bei nafuu ya serikali wamenenepa kwa vikwazo hivyohivyo. Kitu kidogo cha kukusaidia, watu wa kule wanataja bei kwa toman, na toman 1 ni rial 10, kwahiyo ukikuta habari mbili za bei zinapishana mara 10 angalia kwanza kama wametumia hesabu moja.

Chukua petroli ya 2019 uone inavyoripuka. Usiku wa kuamkia Ijumaa Novemba 15 watu wamelala wakaamka wakakuta bei imebadilika bila onyo, lita 60 za kwanza kwa mwezi kutoka rial 10,000 mpaka 15,000, ukizidisha hapo ni 30,000 kwa lita. Kwa dereva anayetegemea gari kula, au mtu aliyehamia viunga vya mbali kwa sababu kodi ya mjini imemshinda, hiyo ni chakula cha nyumbani kimeondoka usiku mmoja. Jumamosi Tehran theluji inaanguka, madereva wakazima magari katikati ya barabara kuu wakashuka. Maandamano yakasambaa kwenye miji zaidi ya 100, mengi ni maeneo ya maskini ambayo serikali ilikuwa inajisifu kwamba ni ngome yake. Intaneti ikakatwa karibu nchi nzima kwa takriban wiki moja. Giza lilipoondoka, Amnesty International ikaja kuthibitisha waliouawa zaidi ya 300, na shirika la habari la Reuters likaandika kwamba ni kama 1,500. Mimi hiyo wiki ndo naihesabu kama mpaka, kwa sababu kabla yake serikali ilikuwa bado inaweza kusema wanaoipinga ni watoto wa matajiri wa kaskazini ya Tehran.

Ya maji inapita kimya kwenye habari za kimataifa lakini iangalie sana. Julai 2021 Khuzestan, mkoa wenye mafuta mengi ya nchi na Waarabu wengi, watu waliandamana kwa sababu mabomba yamekauka, wakapigwa risasi. Novemba mwaka huo wakulima wa Isfahan wakapiga mahema ndani ya mto Zayandeh Rud, maana mto wenyewe haukuwa na maji, maelfu wakasimama kwenye mchanga. Mabwawa, visima vya kuchimba ovyo, na maji kuhamishiwa viwandani na mikoa mingine vina mchango mkubwa kwenye huo ukame. Na mabwawa unakumbuka nani anajenga.

Ya wanawake ina umri sawa na Jamhuri yenyewe. Machi 8, 1979, hata mwezi haujaisha tangu mapinduzi, maelfu ya wanawake waliandamana Tehran kupinga hijabu ya lazima, na kati yao walikuwemo waliokuwa wamempinga Shah. Mwaka 1983 ikawa sheria. Desemba 2017 Vida Movahed alipanda juu ya sanduku la umeme mtaa wa Enghelab, akafunga kitambaa chake cheupe kwenye fimbo akasimama nacho kimya, akakamatwa, wengine wakaja kupanda palepale, manispaa ikaenda kuyawekea masanduku vifuniko vya mteremko ili mtu asiweze kusimama. Serikali inapofika kupambana na sanduku la umeme unajua inaogopa nini.

Afu Septemba 2022. Mahsa Amini, kwao wanamwita Jina, binti wa miaka 22 kutoka Saqqez ya Kurdistan, alikamatwa Tehran na polisi wa maadili, akafariki hospitali Septemba 16. Serikali ikasema alikuwa na ugonjwa, familia ikakataa, na Machi 2024 tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ikasema alifariki kwa sababu ya ukatili aliofanyiwa mikononi mwa dola. Niloofar Hamedi na Elaheh Mohammadi, waandishi wawili wa kike walioipeleka ile habari kwa wananchi, waliishia gerezani. Kwenye mazishi wanawake wa Saqqez wakavua vitambaa na kuimba kwa Kikurdi Jin, Jiyan, Azadi, mwanamke, maisha, uhuru, ikaenea nchi nzima. Kule Zahedan, kwa Wabaluchi ambao ni Masunni, Septemba 30 polisi na askari waliwapiga risasi watu waliotoka kuswali Ijumaa na kuua makumi, na imamu wao Molavi Abdolhamid akawa kila Ijumaa anaisema serikali juu ya mimbari. Hao ni waumini wametoka msikitini. Ukisikia mtu anasema 2022 ilikuwa vita ya watu wasiotaka dini, mwambie akaisome Zahedan.

Weka kalenda ya arobaini

Hii sisi tunaielewa haraka kwa sababu arobaini tunaijua. Iran maiti akizikwa, siku ya 40 watu wanarudi kaburini, na serikali yoyote inaona tabu kukataza watu wasiomboleze. Januari 9, 1978 askari wa Shah waliua waandamanaji Qom, arobaini yao ikawa Februari 18 Tabriz ikachafuka, wakafa wengine, arobaini ya hao mwishoni mwa Machi ikaenda Yazd. Hivyohivyo mpaka mwaka ukaisha na Shah kaondoka. Waliopo madarakani walikuwemo kwenye hiyo misafara ndo maana wanaiogopa. Arobaini ya Neda Agha-Soltan, aliyepigwa risasi Tehran Juni 2009, polisi walizuia watu makaburini. Arobaini ya Amini, Oktoba 26, 2022, barabara za kuingia Saqqez zilizibwa na watu wakapita mashambani na kuvuka mto kufika makaburi ya Aichi.

Kwahiyo kukitokea mauaji, hesabu siku 40 uweke alama. Ongeza Desemba 7 ambayo ni siku ya wanafunzi, na Februari 11 ambapo serikali yenyewe inaita watu barabarani. Na hiyo ya serikali usiidharau, wapo wanaotoka kwa imani. Januari 2020 Qassem Soleimani alipouawa na Marekani umati wa kumzika ulikuwa mkubwa ajabu. Siku 5 baada ya kifo chake Sepah wakaitungua ndege ya Ukraine wakaua watu 176, serikali ikakana siku 3 ndo ikakiri, na wanafunzi walewale wa Tehran wakawa barabarani wanawaita viongozi waongo. Wiki moja, nchi moja. Anayekuonyesha umati mmoja tu anakuficha wa pili.

Kupima unachoambiwa

Jua kila chombo kinasimama wapi. Tivii ya taifa na Idhaa yake ya Kiswahili ambayo wengi tunaisikiliza ziko chini ya mtu aliyeteuliwa na Kiongozi Mkuu. Fars na Tasnim ziko karibu na Sepah, na hiyo ni faida pia, ukitaka kujua Sepah wanafikiria nini zisome hizo. Iran International iko London na inapinga serikali waziwazi, inapata video nyingi ila inapenda kukuambia mwisho umefika. Kwa idadi ya vifo na waliokamatwa mimi huwa naanzia kwa mashirika ya haki za binadamu, HRANA, Iran Human Rights ya Oslo, na Hengaw kwa upande wa Wakurdi, kwa sababu wanaorodhesha majina, umri na mji. Namba isiyo na majina, iwe ya serikali au ya wapinzani, iweke pembeni kwanza. NetBlocks inakuonyesha intaneti imekatwa saa ngapi, na kukatwa kwenyewe ni habari, maana kunaumiza biashara zao na hawafanyi hivyo kwa kelele ndogo.

Video iangalie hali ya hewa, nguo, vibao vya maduka, lugha inayoimbwa, afu utafute kama haikuzunguka 2019 au 2022. Na ukiona mtu kwenye tivii yao anakiri kosa lake kwa sauti ya chini, usiichukue kama ushahidi, hayo makiri mashirika ya haki za binadamu yameyalalamikia miaka mingi kwamba yanatolewa kwa mateso.

Wapinzani walioko nje wasome kwa uangalifu uleule. Reza Pahlavi, mtoto wa Shah, ana watu wake na ana wanaomkataa kwa sababu wanakumbuka polisi wa siri wa baba yake. Mojahedin-e Khalq wana pesa na kelele Ulaya lakini walikaa upande wa Saddam wakati wa vita, jambo ambalo Wairani wengi hawajalisamehe. Barabara ikijaa haina maana yupo mtu tayari kuipokea nchi.

Barabara zikitulia ndo endelea kusoma

Hapa waandishi wengi wanaondoka na hapa ndo kazi inaanza. Nenda kwenye kesi. Mahakama za mapinduzi zinatumia mashtaka kama moharebeh, yani kumpiga vita Mungu, adhabu yake inaweza kuwa kifo. Mohsen Shekari alinyongwa Desemba 8, 2022, na siku 4 baadae Majidreza Rahnavard akanyongwa hadharani Mashhad, siku 23 tu tangu akamatwe. Machi 2023 Mkuu wa Mahakama akatangaza kwamba walisamehewa watu 22,000 waliokamatwa kwenye maandamano, na hiyo ni namba yao wenyewe, pima mwenyewe waliokamatwa walikuwa wangapi.

Angalia pia migomo, kwa sababu ndo inayowauma. Mwaka 1978 Shah alibanwa kabisa pale wafanyakazi wa mafuta walipoacha kazi na maduka ya bazaar yakafungwa. Walimu, madereva wa malori, wastaafu, wafanyakazi wa mikataba wa mafuta, fuatilia kama wanagoma siku moja au wiki, na kama wanagoma pamoja au kila mtu kivyake. Mara nyingi kila hasira imekuwa ikija na zamu yake, na hapo ndo serikali inapata nafasi ya kupumua.

Na tazama sheria wanazoacha kuzitekeleza. Bunge lilipitisha sheria kali mpya ya hijabu, ilikuwa ianze Desemba 2024, ikasimamishwa kimyakimya, huku wanawake wengi Tehran wanatembea vichwa wazi kila siku. Hamna aliyetangaza kushindwa, ila kwa wanawake hao hiyo ni ardhi waliyoichukua kwa miguu yao, na inaweza kujaribiwa kurudishwa wakati wowote, kwa hiyo kila baada ya miezi kadhaa rudi uangalie kamera za barabarani, faini na magari yanayokamatwa yamefikia wapi.

La mwisho, kabla hujasambaza video ya waandamanaji ziba sura zao, funika namba za gari na vibao vya mtaa, na kama anayeongea ametaja jina lake kata hiyo sehemu, maana video hizo zinatazamwa pia na wanaotafuta watu wa kukamata.